Neno Moja, Namba Moja

Kamusi tunazotumia hapa kitivoni zimekubaliana juu ya jambo moja: maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana hayachanganywi. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utafute "kaa". Utalikuta zaidi ya mara moja, kila moja na namba yake: la moto peke yake, wa majini peke yake, na kitenzi cha kuketi peke yake. Tumezoea mpangilio huo hata hatuuoni tena. Mimi nilianza kuuona nilipokutana na orodha nyingine ya maneno, iliyojengwa kwa kanuni iliyo kinyume, tena na mtu asiyejua kama kuna somo linaloitwa semantiki.

Orodha hiyo imo ndani ya kompaila. Kompaila ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa na mtu kwa lugha ya programu, kisha inayageuza yawe maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, anasoma informatiki, na kwa kazi yake ya kumaliza masomo alichagua kutengeneza kompaila ndogo ya lugha aliyoibuni mwenyewe. Maneno ya lugha hiyo ni ya Kiswahili: "ikiwa", "rudia", "andika", "rudisha". Aliniita nimchagulie maneno. Kazi hiyo tuliimaliza kwa jioni mbili, huku tukibishana zaidi juu ya "ikiwa" na "kama" kuliko juu ya mengine yote. Kilichonibakiza pale Mulongwe wiki nyingi baadaye, nikisubiri umeme urudi, ni jedwali.

Mwandishi wa programu akiandika andika "karibu", neno hilo lililo ndani ya alama za kunukuu linaitwa mfuatano wa herufi usiobadilika. Kompaila ikilikuta hailibebi zima zima. Inaliuliza jedwali: unalo? Kama halimo, linaandikwa na kupewa namba. Kama limo, namba ya zamani inarudishwa. Programu ikisema "karibu" mara arobaini, jedwali linalo mara moja tu, na mahali pengine pote pana namba. Nafasi inaokolewa, na kazi ya kulinganisha inakuwa nyepesi: kujua kama maneno mawili ni sawa, huhitaji kupita herufi kwa herufi, unalinganisha namba mbili. Wazo hili ni la zamani. Lisp ya John McCarthy, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa tayari na orodha ya namna hiyo kwa majina. Java inalazimisha kwamba mifuatano isiyobadilika inayofanana iwe kitu kimoja, wakati C inaiachia kompaila iamue.

Shida ya kwanza ni kutafuta. Jedwali likiwa na maneno elfu, huwezi kuanzia juu kila mara. Kwa hiyo maneno hugawanywa katika makapu, kama wauza ndagala wanavyotenga mzigo, na neno lenyewe ndilo linalosema liende kapu gani. Unapiga hesabu kwa herufi zake, jibu linakupa namba ya kapu. Yaya alianza na njia rahisi aliyoisoma mahali: chukua herufi ya kwanza na ya mwisho. Kwa Kiingereza au Kifaransa huenda inatosha. Kwa Kiswahili, nilimwambia kabla hajamaliza kuieleza, haiwezi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, nazo ni tano. Mwanzoni nako kumejaa viambishi: m-, wa-, ki-, ku-. Makapu machache yatafurika na mengine yatabaki na hewa. Alijaribu, akahesabu, akanitazama.

Akasema basi tujumlishe herufi zote. Nikaandika kwenye karatasi: mali, lima, mila, lami. Herufi ni zile zile nne, jumla ni ile ile, kapu ni lile lile. Dawa yake inajulikana: kabla ya kuongeza herufi inayofuata, zidisha jumla uliyo nayo kwa namba fulani (Java hutumia 31), ili nafasi ya herufi nayo ihesabiwe. Naomba wenzangu wa fonolojia wasicheke. Nilifurahi mno kuona kwamba umbo la silabi za Kibantu linaweza kupunguza mwendo wa kompyuta.

Lakini uzuri hasa uko kwenye mikia. Katika C, na katika kompaila ya yaya, kila mfuatano hufungwa kwa baiti ya sifuri inayosema "nimeishia hapa". Kwa sababu hiyo, neno likiwa ni mwisho wa neno jingine, si lazima liandikwe upya. Inatosha kuonyesha pa kuanzia kusoma. "Wanasoma" ni herufi nane na sifuri yake, baiti tisa. Ukianza herufi ya pili unasoma "anasoma". Ukianza ya tano unasoma "soma". Maneno matatu ambayo yangechukua baiti 22 yanakaa katika tisa. Programu ya GNU inayounganisha vipande vya maagizo inaweza kufanya hivyo ikiombwa. Lugha yetu inabandika mambo mengi mbele ya mzizi, nafsi na wakati, nayo inafaidika na ujanja huu kuliko lugha zinazobandika nyuma. Ukiingia kwenye minyambuliko, somea, someka, somesha, faida inaisha.

Nilikaa usiku mmoja nikitazama jedwali limemeza nini. "Kula" ilikuwa ndani ya "chakula", na hapo mashine na mwanaisimu wanaweza kushikana mikono. "Ziwa" ilikuwa ndani ya "maziwa", na hapo sijui ni maziwa yapi, ya Tanganyika na Kivu au ya ng'ombe wa bonde la Ruzizi. Jedwali nalo halijui, maana kwake hayo ni neno moja. "Taa" ilikuwa ndani ya "mtaa", jambo ambalo kwetu huwa kweli siku chache kwa wiki. Na "mama" alikuwa ndani ya "simama". Kwa jedwali uhusiano huu wa mwisho ni mzuri sawasawa na ule wa kwanza.

Mpaka hapo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Yaya alihitaji programu halisi ya kujaribia kompaila yake, akachagua likelemba ya akina mama wanaouza samaki. Wako kumi na wawili. Kila siku ya posho kila mmoja huleta faranga elfu kumi, na mmoja kwa zamu huchukua zote. Mweka hazina anashika simu, kila mwanamke anaitazama na kubonyeza mwenyewe ili asije akasema hakuonyeshwa. Ukurasa wa mchango ulikuwa na kitufe kilichoandikwa "toa". Ukurasa wa zamu ulikuwa na kitufe kilichoandikwa "toa". Yaya aliona yote mawili ni sawa, na kwa kweli hakuna Mswahili atakayesema kwamba si sawa: mwanachama anatoa mchango, na sanduku linatoa fedha.

Zamu ikamfikia mama mmoja mjane anayeishi Kalundu. Nyumba yake ya kwanza ilikwenda na mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, na fedha za zamu hiyo zilikuwa za mabati. Alipewa simu. Akaona jina lake, akaona 120 000, na chini yake "toa".

"Mimi nitoe hizi zote? Muko munanilipisha deni ya nani?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alirudisha simu, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Mweka hazina alimfuata nyumbani na fedha mkononi, naye akakataa kuzipokea kwa sababu, kwa maelezo yake, karatasi ya simu imesha kuandika kwamba ndiye anayedaiwa, na leo mukinipa, kesho mutaniuliza. Siku nne zilipita. Katika likelemba siku nne ni nyingi. Watu walianza kunong'onezana kama mweka hazina ana ujanja gani na hiyo simu.

Niliposikia, nilimwambia yaya abadilishe "toa" ya ukurasa wa zamu peke yake. Alinionyesha kwa nini si kubadilisha tu. Ndani ya programu iliyokwisha kutafsiriwa na kompaila hapakuwa na "toa" ya mchango na "toa" ya zamu. Kurasa zote mbili zilikuwa na namba 17, na kwenye 17 ya jedwali palikuwa na herufi tatu. Gusa 17, umegusa zote. Ndiyo maana mifuatano hiyo inaitwa isiyobadilika, na ndiyo maana mifumo mingi huiweka kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo programu hairuhusiwi kuiandika. Kompaila kadhaa za zamani za FORTRAN hazikuwa na ulinzi huo hata kwa namba: ungeweza kuipa sehemu ya programu 4, ikaigeuza kuwa 5, na tangu hapo kila 4 iliyoandikwa mahali pengine ikawa 5.

Ilitubidi kurudi kwenye maandishi ya asili, na hapo suala likawa langu. Yaya alipendekeza kuongeza nafasi tupu baada ya moja ya "toa", ili jedwali lizihesabu kuwa mbili. Ingefanya kazi, na yule mama angeondoka tena. Mimi nilifikiria njia ya gettext, chombo kinachotumika kutafsiri ujumbe wa programu nyingi. Nacho kilikuwa na ugonjwa huu huu, maana ufunguo wake ni maneno yenyewe, mpaka toleo la 0.15 la mwaka 2006 lilipoleta nafasi ya kuandika muktadha pembeni. Hiyo ni namba ndogo ya kamusi ikirudi kwa mlango wa nyuma. Tukatengeneza jedwali la pili mbele ya lile la kwanza: lenyewe linashika maana, "mchango wa mwanachama", "malipo ya zamu", na kila maana inaonyesha herufi zake. Maana mbili zinaweza kuonyesha herufi zile zile, ila ukibadilisha moja, nyingine haiguswi.

Herufi zenyewe hatukuzipata sisi. Tulikwenda Kalundu na mweka hazina, tukakaa, tukapewa chai, nikamuuliza yule mama angependa simu imwambie nini. Alisema, "Mwanangu, hii neno haisemi ni mukono wa nani."

Nimesoma sentensi chache za sarufi zilizo sahihi kuliko hiyo. Kitenzi chetu hubeba mtendaji kila kinapokwenda: natoa, anatoa, wanatoa. Kinapoamuru mtu mmoja ndipo kinamwacha nyumbani, na waandishi wa programu, kwa kuiga lugha nyingine, wamejaza skrini zetu amri. Tangu miradi ya mwanzo ya kuzifanya programu ziseme Kiswahili, kama ule wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice kutoka Dar es Salaam mwaka 2004, sisi wa lugha tumeitwa zaidi kutafuta msamiati. Nadhani tungeitwa pia kwa viambishi. Kitufe cha mchango sasa kinasema "natoa", cha zamu kinasema "napokea". Mama alibonyeza cha pili, akahesabu fedha mara mbili mbele yetu.

Na "toa" bado imo jedwalini, kwa sababu mweka hazina ana ukurasa wake wa kutoa katika hesabu. Haichukui nafasi. Inasomwa kuanzia herufi ya tatu ya "natoa".

Nitaje haraka jambo moja ambalo halikuleta ugomvi. Orodha ya masoko aliyoituma katibu kwa simu ilikuwa na "ng'ambo" ya Burundi mara mbili katika jedwali, nasi hatukuona tofauti kwa macho. Moja ilikuwa na kistari kilichosimama wima, chenye baiti moja. Nyingine ilikuwa na kile kilichopinda, ambacho simu hupenda kukiweka yenyewe, chenye baiti tatu. Jedwali lililounganisha mikono miwili tofauti katika "toa" lilitenganisha ng'ambo moja kuwa mbili. Yaya aliandika mistari sita ya kunyoosha vistari vyote.

Kazi yake ataitetea mwezi ujao. Sehemu ya jedwali la maana ameiweka katika kurasa mbili za mwisho, na anahofia jopo litauliza inahusu nini na informatiki. Wiki hii mweka hazina ametuletea maneno mengine matatu ya kutazama: "funga", "hesabu" na "baki". La tatu ndilo linalomsumbua. Yule mama wa Kalundu alilisoma kwenye ukurasa wa akiba yake, akauliza abaki wapi.