Nenosiri Lisikae kwa Mtu Mmoja

Kikundi chetu cha vijana hapa Nyarugusu kina Kindle 4 za zamani, na wasomaji ni zaidi ya 30. Ombi ninalolisikia kila wiki ni moja: "Kaka, niunganishie waifai." Jibu langu nalo ni moja: kaa hapa, utaunganisha mwenyewe. Wengine wananuna, eti naringa. Ngoja nieleze.

Sisi Wakongo kambini tunasoma mtaala wa kwetu, kwa Kifaransa, ndani ya nchi inayosoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi akitaka Molière au Victor Hugo, sokoni hapati. Lakini Project Gutenberg, maktaba ya intaneti aliyoianzisha Michael Hart mwaka 1971, inatoa vitabu vyao bure, maana muda wa hakimiliki ulishapita. Basi kati ya mtoto na kitabu imebaki waifai tu. Nenosiri likikaa kwa mtu mmoja, huyo anakuwa mlango. Na hapa kambini watu wanaondoka: huyu anarudi kwao, yule anapata safari ya nchi ya tatu. Dada aliyekuwa anatuunganishia alipoondoka, vifaa vilikaa kabatini wiki 6, na mtihani ulikuwa unakaribia.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Washa hotspoti ya simu. Kama jina la simu halionekani kwenye Kindle, usiseme imekufa. Simu nyingi mpya zinaweza kurusha kwa GHz 5, na Kindle nyingi za zamani zinasikia GHz 2.4 tu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4. Kwenye Kindle zima kwanza hali ya ndegeni, fungua mipangilio, gusa jina la mtandao, andika nenosiri. Herufi kubwa na ndogo hazifanani kwake, na skrini yake ni ya polepole: gonga taratibu, la sivyo inaruka herufi. Hapo ndipo wengi wanakwama. Ikishaunganika, fungua kivinjari kilichomo, tafuta kitabu, chagua faili la Kindle.

Kitabu kikishaingia, rudisha hali ya ndegeni. Bando linapona, chaji nayo inapona, kwa sababu skrini ya wino wa elektroniki inatumia umeme hasa ukurasa unapobadilika. Binti asiyeruhusiwa kutoka jioni anasoma nyumbani bila mtandao wowote.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituletea vifaa tunashukuru. Ila msimfundishe mmoja halafu mkaondoka. Wafundisheni wanne, watano, na wasichana wawemo. Nenosiri la akaunti yenye kadi ya benki likae kwenu, hilo tunaelewa. La waifai lijulikane na kikundi chote. Mkiogopa bando litaisha kwa video, wekeni kikomo cha data. Kitabu cha maandishi matupu mara nyingi hakizidi MB 2.

Kwetu sasa wanaojua ni 11. Mdogo wao ana miaka 12, na juzi ndiye aliyemwonyesha mwalimu wake wa Kifaransa namna ya kubadili ile GHz. Mimi nikiondoka kesho, vitabu vitaendelea kuingia.