Puge: Ukweni, Kwenye Njia ya Wapagazi

"Yaani mwanangu unaolewa na mpagazi?"

Shangazi yangu wa Bagamoyo alirusha utani huo kwenye sherehe ya kuniaga, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mchumba wangu, Mnyamwezi wa Puge, naye akacheka. Ila mimi niliyekaa pembeni yake niliona macho yake hayakucheka. Mpenzi msomaji, kama una mwenzi wa kabila jingine, najua umenielewa.

Ndiyo maana kabla ya kwenda ukweni Desemba nilijipa kazi. Jumamosi tatu mfululizo nilijichimbia Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilianza na vya Kiswahili: maisha ya Tippu Tip alivyoyasimulia mwenyewe, na Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Nikamalizia na Carriers of Culture cha Stephen Rockel, cha mwaka 2006. Kha! Shuleni tulikariri kwamba Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857. Nani aliwabebea mizigo? Swali hilo halikuja kwenye mtihani.

Kumbe wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru. Walipatana ujira kabla ya safari, na wakionewa waligoma au waliutua mzigo wakaondoka zao. Mtu alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akitembea miezi mitatu au zaidi kati ya Tabora na pwani. Kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Sisemi njia ilikuwa safi. Hiyo hiyo ilipitisha mateka waliofungwa minyororo, na wapo watemi na wafanyabiashara wa bara walionufaika. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Kilichoninyima usingizi ni kitambaa. Ujira mara nyingi ulilipwa kwa nguo, na iliyotamba katikati ya karne ya 19 ni merikani, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Pamba yake ililimwa na Weusi waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, mpaka vita vya 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo. Pembe za ndovu nazo zilivuka bahari, nyingine zikaishia Connecticut kuwa vibonye vya piano. Fikiria: mtu mweusi wa Unyamwezi analipwa kwa jasho la mtu mweusi wa Marekani ambaye mwenyewe halipwi chochote. Na wala hawajuani.

Puge iko karibu katikati ya Nzega na Tabora, barabara ni lami tupu. Njia ya zamani ya kwenda ziwani, upande ambao Speke alielekea mwaka 1858, ilikatiza nchi hii hii ya Unyamwezi. Tulifika jioni, mvua imetoka kunyesha, ardhi inanukia. Baada ya ugali, nikamsimulia baba mkwe niliyoyasoma. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Mkwe, sikujua kama kuna vitabu vya jambo hilo. Sisi tuliambiwa tu kwamba babu yake baba alikuwa mtu wa kwenda pwani, mpaka reli ilipokuja." Reli ilifika Tabora mwaka 1912.

Mume wangu alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Usiku akaniuliza, "Hivi unadhani alifika Bagamoyo?" Nikamwambia huenda alipita mlangoni kwa babu zangu. Tukalala tumeshikana mikono.

Tuliporudi nilimpelekea shangazi dumu la asali ya Tabora. Nikamweleza habari za mikataba, migomo na merikani. Akaonja asali, akafikiri, halafu akasema, "Basi mwambie mume wako aje nimwandalie chakula. Ule utani nilivuka mpaka." Alikwenda. Safari hii alicheka na macho.

UKITAKA KWENDA: Kutoka Tabora mjini, pitia Kwihara mkaone tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mkiwa pale, ulizeni pia habari za waliobeba mizigo. Na kabla ya safari, ingieni maktaba wote wawili. Ni mtoko wa bei rahisi, na mtatoka na maongezi ya mwezi mzima.