Nilipost "nimetengeneza mwenyewe", staa akaagiza. Hapo ndipo nilipoumbuka

Leo sileti ubuyu wa mtu. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe, na povu ruksa.

Mwaka jana nilinunua mashine ya espresso ya mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Inapiga kazi vizuri, ila ilikuwa na aibu moja. Ile portafilta, yaani kikombe cha chuma unachojaza kahawa halafu unakikaza kwenye mashine, mpini wake ulikuwa wa plastiki iliyopasuka, umefungwa selotepu. Kirungu cha kuzungusha ili mvuke utoke nacho kilibaki nusu. Na mimi ndiyo yule dada wa kupiga picha kila asubuhi: kikombe, dirisha, kahawa ya Mbinga, kapsheni. Selotepu inaharibu picha.

Nikaingia YouTube. Kuna watu huko wanatengeneza mipini ya mbao, mizuri balaa. Nikasema hii naiweza. Nikaomba kipande cha mninga kwa mafundi wa vitanda Keko, nikakichonga kwa kisu na msasa wikiendi nzima, nikatoboa tundu, nikachomeka bolti na gundi nyeupe ya mbao. Siku ya nne, nimeshatoa kahawa, nafungua portafilta, mpini ukazunguka peke yake mkononi. Chuma cha moto na machicha ya kahawa vyote mguuni. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga mlango.

Ndiyo nikaenda Mwenge, kwa wachonga vinyago.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini, kirungu cha mlinzi?"

Hapo ananyoosha kidole kwenye mpini wangu. Nikacheka, moyoni naumia.

Mzee akapima bolti, milimita 10. Akachagua kipande cha mpingo, akakifunga kwenye mashine ya kukereza. Mimi nilikuwa bize na simu, narekodi jinsi vumbi linavyoruka. Kesho yake nikapata mpini mweusi unaong'aa na kirungu cha mvuke cha kufanana nao. Elfu 40 kwa vyote. Mchango wangu ulikuwa kupitisha msasa laini mwishoni, dakika kumi hivi.

Nikapost. Kapsheni: "Nimetengeneza mwenyewe."

Likes kama zote. Jioni DM ikaingia, nikakaa kitako kabisa. Dada mmoja wa filamu zetu, mnamjua, simtaji. "Nzuri sana mamii. Nataka seti mbili, moja zawadi. Bei?" Nikajibu laki moja na nusu kwa seti. Hakuomba hata kupunguziwa. Wadau, nilipiga hesabu: laki tatu toa elfu 80 ya mzee, inabaki laki mbili na ishirini. Karibu kodi yangu ya mwezi.

Jumamosi nikarudi Mwenge natabasamu. "Baba, nimekuletea oda." Kumbe mjukuu wake, anayemsaidia kuuza, alishaiona ile post. Akampa simu. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakufoka. Akasema: "Binti, hela yangu nimeshalipwa, sikudai. Ila huyo mteja mpini ukimpasukia atakupigia wewe. Utamwambia nini?"

Kimya.

"Haya, kwa nini nilikuwa natoboa kidogo, natoa keekee, natoboa tena?"

Sikujua. Na video ninayo kwenye simu!

Akanikalisha kwenye kigoda, akanieleza kama mtoto wa shule. Mpingo ni mgumu, ni mzito mpaka unazama majini, na ndio mti wanaotengenezea klarineti. Ukitoboa kwa pupa unapata joto na kupasuka, ndiyo maana unatoa keekee ili unga utoke. Tundu alitoboa milimita 8.5, halafu akakata nyuzi za bolti kwenye mti wenyewe, akamalizia na gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Gundi niliyotumia mimi hulainika kwa joto na unyevu, na mashine ya espresso ni joto na unyevu tupu: maji yake ni kama nyuzi 93, mvuke unazidi 100. Kwa hiyo mninga wangu haukuwa na kosa. Hakupaka vanishi, kwa sababu mvuke ungeibandua. Alipaka mafuta na nta ya nyuki. Na kile kitambaa alichojifunga puani, ambacho mimi nilikiona ni swaga, ni kwa sababu vumbi la mpingo linawasha ngozi na kusumbua kifua.

Usiku ule nikabadilisha kapsheni. Nikaandika ukweli, na kwamba mimi nilipiga msasa tu. Nikamwandikia staa vilevile, nikampa namba ya mjukuu baada ya kuomba ruhusa. Akasoma. Kimya.

Wiki iliyofuata mjukuu akaniambia amekuja dereva na gari la vioo vyeusi, kachukua seti mbili, elfu 60 kila moja, kalipa hapohapo. Mzee kapandisha bei, na ni haki yake. Mimi sikupata hata soda. Na staa kaniunfollow.

Nitasema ukweli, ile kodi iliniuma. Bado inaniuma kidogo. Ila kilichoniuma zaidi ni lile swali, maana nilitaka sifa ya kazi ambayo nisingeweza hata kuielezea.

Siku hizi Jumamosi nikipata nafasi napita Mwenge. Mzee ananipa vipande vya mabaki, ananiacha niharibu. Kwenye mashine yangu kulikuwa na kirungu kimoja bado cha plastiki, cha maji ya moto. Nimekibadilisha. Ni cha mninga, kimepinda upande mmoja, na tundu halikukaa katikati kabisa. Mzee alikigeuzageuza, akasema, "Kitafanya kazi."

Hicho nimetengeneza mwenyewe. Ukiniuliza chochote kuhusu hicho, nakujibu.