Kupumzika Kwa Kipimo

Mtikisiko wa ubongo ni ugonjwa usio na ushahidi wa macho. Hauna bandeji wala mkongojo, na mara nyingi hata picha za CT scan hutoka safi. Jamii yetu, iliyozoea kuupima ugonjwa kwa kuuona, humtazama mgonjwa wa namna hii ikamdhania mvivu.

Hii ni wiki ya sita tangu gari liigonge bodaboda niliyopanda. Mwanga wa kompyuta hunichoma macho, kelele za ukumbi wa mihadhara hunitia kichefuchefu, na aya moja ya tasnifu ya mwanafunzi hunichosha kama kulima ekari nzima kwa jembe la mkono. Nilitarajia daktari aniamuru nijifungie gizani hadi nipone. Hakufanya hivyo. Wataalamu wa majeraha ya michezo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikwisha kuafikiana kwamba pumziko la kiasi linafaa kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo. Baada ya hapo, matembezi na shughuli nyepesi zinazoongezwa hatua kwa hatua husaidia kuliko kulala tu.

Kipimo changu ni chepesi. Kabla ya kusoma, naipa hali ya kichwa namba kati ya 0 na 10. Ikipanda kwa zaidi ya alama 2, nafunga kitabu na kwenda kukaa chini ya mwembe. Wiki ya tatu nilisoma kwa dakika 15. Sasa nafika 40. Zilizo ngumu zaidi ni siku njema, kwa kuwa ndizo zinazomshawishi mtu kulipa madeni yote ya kazi kwa mkupuo.

Lakini kupona kwa kipimo kunahitaji muda, na muda una bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara. Kijana aliyeniendesha siku ile aliangukia kichwa kama mimi. Siku ya nne alikuwa barabarani, kwa sababu pikipiki si yake na mwenyewe anataka hesabu kila jioni. Aliniambia kwa simu kwamba usiku taa za magari zinamzidi nguvu. Hana mwajiri kwa maana ya sheria, wala hana wa kumpelekea ED.

Ndugu watumishi wa umma na wanaharakati, tuanze na mambo mawili. Ofisini, tumruhusu mwenzetu arejee kwa saa mbili, kisha nne, bila kumwita mtegaji. Nje ya ofisi, tunapojadili hifadhi ya jamii kwa sekta isiyo rasmi, tusiishie kwenye pensheni na kadi ya matibabu. Tujadili pia kipato cha siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi. Kijana yule amebeba abiria leo, kichwa kikimwuma, na abiria wake hana habari.