Wekundu Unaouona Wewe

Mkrismasi ukichanua mwezi wa Desemba, hakuna anayebishana. Mtoto, mzee, dereva wa bodaboda, wote watakuambia maua yale ni mekundu. Lakini tukikubaliana hivyo tumethibitisha jambo moja tu, kwamba sote tulilelewa kuiita rangi ile kwa jina lilelile. Kinachotokea ndani yangu nikiyatazama maua hayo, na kinachotokea ndani yako, bado hatujakilinganisha. Mwaka 1690 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika kuwa huenda ua la zambarau likamtokea mtu mmoja kwa sura ileile ambayo ua la manjano humtokea mwingine, na wasijue maisha yao yote, kwa kuwa kila mmoja angeendelea kutumia majina aliyofundishwa. Yeye mwenyewe alidhani kwa kawaida tunaona karibu sawa.

Wengi hulichukulia swali hili kuwa la kupitishia muda barazani. Kwangu mimi ni swali la haki: mtu akisema anachokiona, nani anapewa nafasi ya kuaminiwa?

Nyuma ya jicho kuna chembe ziitwazo koni, na walio wengi wanazo za aina tatu. Ubongo hulinganisha taarifa zinazotoka kwenye aina hizo, ndipo rangi ipatikane. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliweza kupiga picha koni zilizo ndani ya jicho la mtu aliye hai, na wakakuta watu wenye uoni wa kawaida kabisa hawalingani. Aina mbili za koni zinazotusaidia kutenganisha nyekundu na kijani, kwa mmoja zinakaribiana kwa idadi, kwa mwingine moja imeizidi nyingine mara kadhaa. Hata hivyo waambie watu wa namna hiyo wachague manjano isiyoelekea kijani wala nyekundu, watachagua karibu ileile. Yaani hata majibu yetu yanapofanana, njia zilizotufikisha hapo si moja.

Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, walianza na la kulia, la kushoto likawekwa hadi zamu nyingine. Katikati ya hapo akawa na kitu ambacho Locke angekitamani sana. Alikaa ukumbini na kanga yake ya siku nyingi mapajani, akaziba jicho moja, akatazama, akahamisha kiganja, akatazama tena. Kwa jicho lililotibiwa mji wa kanga ulikuwa mweupe. Kwa lile lingine ulikuwa umeingia manjano, kama kitambaa kilichokaa moshini.

"Kumbe haijachakaa, mwanangu," aliniambia. "Nilikuwa nataka kuigawa."

Lenzi ya jicho hugeuka manjano kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na huzuia sehemu ya mwanga wa buluu. Kwa kuwa badiliko lilikuja polepole, shangazi hakupata siku ya kulishtukia. Mtu mmoja, kichwa kimoja, na nyeupe mbili.

Ila aliyenifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni John Dalton, mwanakemia yuleyule anayetajwa shuleni kwa nadharia ya atomu. Mwaka 1792 alilitazama ua la jeranio kwa mwanga wa mshumaa akashangaa. Mchana ua lile lilikuwa kwake la rangi ya samawati, lakini usiku lilikuwa jekundu, samawati yote imetoweka. Akawauliza marafiki zake kama nao wanaona ua likibadilika hivyo. Wakasema hapana, ni la waridi mchana na usiku. Aliyekubaliana naye ni ndugu yake peke yake.

Mtu mwenye heshima zake angeweza kunyamaza hapo. Dalton, mwaka 1794, alisimama mbele ya jumuiya ya wasomi wa Manchester akaeleza kila kitu: kwamba sehemu ya upinde wa mvua ambayo wengine huiita nyekundu, kwake ni kama kivuli tu, na kwamba jani la kijani na lakiri nyekundu ya kufungia barua kwake vinalingana. Akatoa na sababu. Alidhani ute uliomo ndani ya jicho lake una rangi ya buluu, na akaagiza kwamba akifa macho yake yachunguzwe.

Alifariki mwaka 1844. Daktari wake, Joseph Ransome, akatimiza agizo. Ute ulikuwa angavu kabisa, hauna buluu hata kidogo. Akachukua jicho la pili, akalikata kwa nyuma na kuchungulia kupitia humo, na nyekundu na kijani zikabaki tofauti kama kawaida. Mabaki ya macho hayo yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipima vinasaba vyake wakakuta kwamba hakuwa na kilichohitajika kutengeneza koni zinazopokea vizuri mwanga wa kijani. Hata Thomas Young, aliyekuwa amekisia kwamba Dalton amepungukiwa na upande wa nyekundu, alikosea. Sababu zote mbili zilianguka, na ushuhuda wa Dalton kuhusu lile ua ukabaki umesimama. Naupenda sana ushujaa wa mtu yule. Kwa alichokiona hakutikisika, na kwa alichokidhani alikuwa tayari apasuliwe ili ukweli ujulikane.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Katika ramani za sura ya nchi, tambarare hupakwa kijani na nyanda za juu kahawia, nazo ni rangi zinazowachanganya hasa watu wa aina ya Dalton. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuuliza, "Mwalimu, mbona Bonde la Rufiji na Milima ya Udzungwa vimepakwa rangi moja?" Darasa likaangua kicheko. Wenzake walikuwa na maelezo tayari, kwamba ni mvivu, hatazami. Nikamwita mbele, nikampa penseli za rangi azipange. Kijani kilichokolea, kahawia na moja nyekundu iliyofifia, zote akaziweka fungu moja. Nikamuuliza basi huwa anachoraje. Akaigeuza penseli, akanionyesha maandishi madogo ubavuni. Alikuwa akisoma majina. Akaongeza kwamba mjomba wake, kaka wa mama, naye hutuma mtu amchagulie nyanya zilizoiva.

Mjomba aliingia pale kwa sababu. Vinasaba vya koni za nyekundu na kijani vimo kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama, na akipata yenye hitilafu hana nyingine ya kumfidia. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, asiyetenganisha vizuri nyekundu na kijani ni karibu mmoja kati ya 12, kwa wanawake wao mmoja kati ya 200. Kwa Waafrika viwango kwa kawaida ni vya chini, lakini shule yenye wavulana mia kadhaa haiwakosi. Vipimo vipo: mwaka 1917 daktari Mjapani Shinobu Ishihara alichapisha kurasa zake za nukta zinazoficha namba, na kuzitumia ni kazi ya dakika chache kwa mwanafunzi mmoja.

Sikumwambia kijana yule kwamba amekosea, maana hakukosea. Nilimfundisha kusoma ramani kwa kontua na namba za urefu, akaiweza. Wanaochora ramani na grafu za mitihani wangeweza kuwaondolea mzigo huu wote walio kama yeye kwa wino mweusi tu: mistari mahali pa kijani, nukta mahali pa kahawia, na jina la kila kitu kuandikwa juu yake badala ya kuachiwa rangi peke yake.