Waridi la jangwani halifai Jangwani



Leo tuache siasa. Nataka tuongee maua. Ndiyo, maua ya nyumbani, tena ya sisi tunaoishi Jangwani na Kariakoo. Usicheke kwanza. Najua utasema maua ni mambo ya Oysterbay na Masaki, kwenye nyasi zinazomwagiwa maji asubuhi na jioni. Lakini zunguka mitaa yetu uone: makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, masufuria yaliyotoboka, yote yana maua ndani. Watu wa huku wanapenda maua. Tatizo ni kwamba tunachagua kwa macho peke yake.

Chukua mfano wa ua moja linalopendwa sana kwa wauza miche wa barabarani. Shina lake limevimba chini kama kitunguu, na maua yake ni mekundu ya kupauka yenye umbo la tarumbeta. Wataalamu wanaliita Adenium obesum. Wazungu wamelipa jina ambalo kwa Kiswahili ni waridi la jangwani. Mtu wa Jangwani akisikia jina hilo anaona kapata ua la kwao!

Wapi bwana. Jangwani yetu haina jangwa. Ni bonde la Mto Msimbazi, na mvua zikikolea, Barabara ya Morogoro inafungwa palepale. Ua hili kwao ni kwenye nchi kavu, Afrika na Uarabuni. Lile shina nene ni tangi lake la maji ya kiangazi. Mizizi ikikaa ndani ya maji siku chache tu, inaoza. Halafu utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapaka mishale yao ya kuwindia sumu inayotoka kwenye mimea ya jamii hiyo. Sasa wewe una watoto wanne wanaochezea kila kitu uani.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kabla ya kuuliza rangi, uliza mambo matatu. Maji, watoto, na kuhama.

Tuanze na maji. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua ikinyesha huko juu huku bahari imejaa, mto unakosa pa kutokea, basi unageukia majumbani. Desemba 2011 tuliona wenyewe: zaidi ya watu 40 walikufa jijini, na wengine wakaokolewa juu ya mapaa. Kama nyumba yako ipo upande wa chini na unataka kupanda ardhini, panda kana. Ni ndugu wa mbali wa tangawizi na mgomba. Mashina yake yanatambaa chini ya udongo, kwa hiyo hata majani yakilazwa na tope, likikauka yanachipua upya. Kana anavumilia udongo wenye maji kiasi kwamba hupandwa kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Na rangi? Nyekundu, njano, machungwa, unachagua mwenyewe.

Bogenvilia yeye ni kinyume. Weka kwenye ndoo iliyotobolewa matundu chini, uinyanyue juu ya matofali. Hiyo rangi kali unayoiona si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ukilimwagia maji kila siku kwa huruma, litakupa majani ya kijani tele na rangi kidogo. Liache lisikie kiu ndipo lipendeze.

La pili, watoto. Oleanda ina maua mazuri lakini ina sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Nyumba yenye familia sita si mahali pake. Vinka, yale maua madogo ya zambarau na meupe yanayoota mpaka kwenye nyufa za kuta, asili yake ni Madagaska. Ndani yake zilipatikana dawa mbili kubwa za saratani, vinkristini na vinblastini. Lakini hizo hutolewa na madaktari kwa vipimo. Majani yake si ya kutafuna wala ya kuchemsha, hata jirani akikwambia yanatibu kisukari. Mwenye watoto wadogo achukue haibiskasi, iksora au asumini, alale usingizi.

La tatu ndilo linalotugusa wengi: kuhama. Baada ya mafuriko ya 2011, watu wa bondeni walipelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kwenye mpango huo kuna daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji. Ni jambo zuri, lakini bustani ya jiji inaanza na watu kuondoka. Na hata asiyeishi bondeni, mwenye nyumba akiuza kiwanja kwa mtu wa ghorofa, una siku ngapi?

Hapo ndipo utajua kwa nini makopo yametapakaa mitaani kwetu. Ni akili ya mpangaji, si umaskini wa chungu. Krotoni, haibiskasi, bogenvilia, asumini, yote yanaoteshwa kwa kipande cha tawi cha urefu wa shibiri moja. Jirani anakukatia bure, na siku ukiondoka unaondoka na lako.

Kariakoo ya zamani ilikuwa na nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua. Maghorofa yameyameza maua hayo, nyua zimekwisha, lakini tazama juu kwenye vibaraza vya ghorofa utaona ua la kwenye ndoo limepanda ngazi na wenyewe. Bibi zetu wa pwani walikuwa na kipimo kingine kabisa: harufu. Asumini na rehani vilipandwa karibu na mlango kwa ajili ya kikuba, si kwa ajili ya mpita njia.

Ukishayapitia hayo yote, ndiyo uje kwenye rangi. Wana Jangwani watataka alamanda, njano juu ya kijani. Wa Msimbazi wachanganye iksora nyekundu na asumini nyeupe. Mimi hapo simo! Ila alamanda nayo utomvu wake unawasha, kwa hiyo watu wa Yanga wapande juu kidogo, mbali na mikono ya watoto.

Ni hayo tu kwa leo. Masika yakikaribia, nyanyueni makopo yenu mapema.