Gesi ya Kupimwa kwa Mizani

Nilipoanza kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mizani tuliyoijua ilikuwa ya muuza mchele wa ng'ambo ya barabara. Gesi tuliijaza kwa mkono na jicho. Fundi wangu mkuu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, aliwasha mashine, akafungua mtungi kidogo kidogo huku ameshika bomba nene la shaba linalorudi kwenye kompresa. Likianza kupoa na kutoka jasho, na sindano ya geji ikasimama kati ya 60 na 70, alifunga. "Imeshiba," alisema, akaniachia mipira ya geji niikunje.

Vijana wa leo hupenda kuwacheka mafundi wa aina yake, nami sikubaliani nao. Viyoyozi tulivyovishughulikia vilitumia gesi ya R-22, vingi vikiwa vya dirishani, na kompresa zake zilikuwa na mwendo mmoja tu: ama inazunguka kwa nguvu zote, ama imezimwa. Kwa mashine kama hiyo, katika joto la Dar es Salaam, sindano na jasho la bomba vilimpa mzee ukweli wa kutosha.

Ubaya ulikuwa kwingine. Kabla ya kufungua mfumo tulilegeza nati, gesi ikapiga mluzi mpaka ikanyamaza yenyewe. Hewa iliyobaki ndani ya mabomba tuliisukuma nje kwa gesi ileile. Tulifanya hivyo kwa R-22 ya viyoyozi na kwa R-12 ya friji, ile ya mtungi mweupe, na hakuna aliyetukemea. Kumbe tangu 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikwisha kuonya kwamba klorini ya gesi za jamii ya R-12 hupanda angani na kuharibu ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika imepungua vibaya, na 1987 Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo ikatiwa saini. Sisi habari hizo zilitufikia kwa njia ya bei. R-12 ikaanza kuadimika, ikapanda, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ukawekwa 2010.

Kisha ikaja R-410A, mtungi wa rangi ya waridi, na hapo ndipo mazoea ya mzee yalipogonga mwamba. Shinikizo lake linazidi la R-22 kwa zaidi ya nusu, hivyo geji na mipira ya zamani haikufaa tena. Ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo hutolewa mtungini ikiwa kimiminika ili uwiano wake usiharibike. Nayo huingizwa taratibu, maana kompresa haiwezi kukandamiza kimiminika, itavunjika. Mafuta yake hunyonya unyevu upesi, na unyevu ukikaa humo huzaa asidi inayokula koili za mota. Pampu ya kufyonza hewa, ambayo zamani niliiona kwa mafundi wa viwandani tu, ikawa chombo cha kila siku. Mabomba hufyonzwa mpaka shinikizo lishuke chini ya sehemu moja ya elfu ya hewa ya kawaida. Hapo maji yaliyojificha ndani huchemka bila moto, yakatoka kama mvuke.

Lakini kilichobadilisha kazi kuliko vyote ni inveta. Kompresa ya inveta hupunguza na kuongeza mwendo kadiri chumba kinavyopoa, na sindano ya geji hucheza nayo. Ukiitazama saa nne asubuhi inasema hili, saa nane mchana inasema lile. Njia ya kuaminika ikawa moja: kuondoa gesi yote kwa mashine ya kuikusanya, kufyonza, kisha kuweka mtungi juu ya mizani na kuingiza gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine ya nje, na kuongeza kwa kila mita ya bomba inayozidi urefu ulioruhusiwa na kiwanda. Kiyoyozi kidogo cha nyumbani mara nyingi hakifikishi hata kilo moja ya gesi. Gramu mia mbili zikizidi au zikipungua, ni kasoro kubwa. Ikizidi, shinikizo hupanda na uniti za umeme wa LUKU huyeyuka. Ikipungua, koili huganda barafu na kompresa, inayopozwa na gesi hiyohiyo, huungua.

Mashine nyingi za sasa hupasha joto pia. Dar hakuna anayebonyeza kitufe hicho, ila huko Njombe kina kazi yake. Ikigeuzwa, lile bomba nene la baridi ndilo hubeba gesi ya moto yenye shinikizo kubwa. Anayejaza kwa kushika bomba, huko ataungua vidole.

Mwaka 2016, jijini Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza hata R-410A na wenzake, kwa kuwa, ingawa haidhuru ozoni, inaongeza joto la dunia. Nafasi yake inachukuliwa na R-32, ambayo uzito wake katika kuongeza joto ni kama theluthi moja ya ule wa R-410A, ila inaweza kushika moto. Kwa hiyo madirisha hufunguliwa, sigara huzimwa, na hakuna kulehemu kabla gesi haijatolewa na mabomba kusafishwa kwa naitrojeni kavu. Wapo wanaopima uvujaji kwa oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na huo ni uhai wa mtu.

Hata sasa mimi hupigiwa simu na mteja: "Mwanangu, njoo unijazie gesi, imeisha tena." Humjibu, "Shikamoo mama. Gesi haiishi kwa kutumika, inavuja. Tutafute tundu kwanza." Wengine hukasirika, wakamwita fundi wa bei nafuu, na mwakani wananipigia tena. Fundi akija kwako, kabla hajafungua mtungi, muulize gesi imevujia wapi, kisha muombe akuonyeshe mizani yake. Asipokuwa nayo, mpe nauli arudi.